Maharage Matatu Ndani ya Mkoba

Jumanne, 1 Julai 2025

Nimeteuliwa tena kuwa msemaji! Kila mji huu unapohitaji mtu wa kusimama mbele ya watu bila kutetemeka, jina langu hutajwa kabla sijapata kiti. Ndiyo matunda ya miaka thelathini na mmoja ya kuwahutubia wasichana mstarini. Safari hii sikujitetea. Tunamuaga Mwanne.

Mwanne mkunga anastaafu. Miaka thelathini na minne katika wodi ya wazazi—nusu ya vijana wa Bariadi walipita mikononi mwake kabla hawajafika mikononi mwangu. Wajukuu wangu, Kulwa na Doto, aliwapokea yeye mwaka 2018. Doto alitanguliza miguu. Mwanne alinitoa nje ya mlango, akasema nikae niombe, yeye ana kazi. Nilikaa. Niliomba. Nikasikia vilio viwili.

Sherehe ni Jumamosi tarehe 26. Kamati ina watu wanne: Januarius, katibu, mwenye haraka ya mtu anayewahi basi; Muzdalifa, mdogo wake Mwanne, muuza vitenge sokoni; mama Mwandu, mkaguzi wa pamba kwenye kituo cha ununuzi cha Kasoli; na mimi.

Januarius akauliza: zawadi gani? Friji? Godoro? Muzdalifa akamkatiza. Mkoba, alisema. Dada anapenda mkoba wa Castelmira, ule wenye nembo ya jani. "Lakini wa kweli." Maneno hayo ya mwisho aliyasema akinitazama mimi. Sijui kwa nini.

Kazi ya kuutafuta nimepewa mimi pia. Hoja ya Januarius: Mwalimu ana uzoefu, si ndiye aliyempa Mwanne mkoba wa Castelmira baada ya wale mapacha? Ni kweli. Niliuagiza mtandaoni, ukaja na boksi na utepe. Sikusema kwamba uzoefu huo ni wa siku moja.

Jambo moja linanishangaza. Ule wangu sijawahi kumwona nao. Nimemuuliza mara mbili, katika harusi mbili tofauti, na mara zote jibu ni moja: "Nautunza kwa siku kubwa, Mwalimu."

Sasa mwingine wa nini?

Alhamisi, 3 Julai

Asubuhi nzima dukani kwa Muzdalifa, juu ya majora ya vitenge, simu mbili mbele yetu. Nimejifunza zaidi ya nilivyojifunza katika semina nyingi nilizolipiwa nauli.

Jambo la kwanza ni mkono. Mkono wa mwanamke, kucha za zambarau, umeshika mkoba mbele ya ukuta wa njano. Muuzaji wa Arusha ana picha hiyo. Wa Dodoma anayo. Wa Mbeya, wa Tanga—nimehesabu sita. Mwanamke mmoja anaishi mikoa sita na hajawahi kubadili rangi ya kucha!

Muzdalifa alicheka mpaka mteja akadhani anachekwa yeye. Kisha akanifundisha kwa upole, kama mtu anayemfundisha bibi yake kuvuka barabara. Muuzaji akikwambia zimebaki mbili tu, kimbia. "Zimebaki mbili tangu Februari, Mwalimu." Akikuita "dear" kabla hajakusalimu, kimbia. Akitaka pesa yote kwanza kwa sababu kuna mteja mwingine anaulizia, basi huyo mteja mwingine ni yeye mwenyewe.

Nikauliza kuhusu namba. Nimesoma kwamba kila mkoba wa Castelmira una namba yake ndani, kwenye kipande cha ngozi. Akasema hata namba wanaigonga. Mikoba mia, namba moja. Nilielewa papo hapo! Ni kama watahiniwa arobaini wenye jibu moja lenye kosa moja. Hapo huhitaji kuwahoji. Unawaita wote ofisini.

Na feki nazo zina madaraja. Kuna kopi, kuna kopi namba moja, na kuna kitu kinaitwa orijino kopi. Mwenye kuuza orijino kopi haoni haya hata kidogo. Anaisifu! Inazidi kopi za wengine, anasema. Nimetafakari jambo hili njia nzima ya kurudi nyumbani. Kumbe hata katika uongo watu wanatafuta ubora.

Mpya kutoka dukani kwa wenyewe hatuwezi. Bei yake ni zizi la ng'ombe. Tutatafuta uliotumika. Hapo ndipo msitu unapoanza, maana mkoba uliotumika hauna duka, una maneno ya mwenyewe tu.

Jumamosi, 5 Julai

Kasoli. Nilitaka kumwona Mwandu kazini, kwa sababu jana kwenye simu alinikatiza: "Mwalimu, acha kusoma. Njoo uone mkono."

Nimeuona. Magunia yamepangwa kutoka kwenye mizani hadi barabarani, pamba nyeupe imefurika midomoni. Macho yangu yangeyapitisha yote. Mwandu hatazami. Anasalimia kwa Kisukuma—mwadila, baba, mhola?—na huku anasalimia mkono wake umeshazama ndani ya gunia mpaka kwapani. Anatazama mbinguni. Vidole viko chini kabisa, vinasoma.

Kwa mzee mmoja alisimama.

"Baba, huku chini mvua imenyesha lini?"

"Umande huo, mayu," yaani mama.

"Umande wa Julai?"

Foleni nzima ilicheka. Mzee naye alicheka, ikabidi. Gunia likamwagwa juani. Kati ya pamba safi ya juu na pamba safi ya pembeni palikuwa na fifi, ile ya daraja la pili, imeloweshwa maji ili ivute mizani.

Mwandu alipanguza mkono kwenye kanga. "Picha ni juu ya gunia, Mwalimu. Kila muuzaji atakuonyesha juu."

Nikamuuliza: sasa kwenye simu mkono utaingiaje?

Alifikiri akihama magunia mawili. Kisha: mwambie atie kitu ndani ya mkoba, apige picha leo hii. Kitu ambacho picha ya wizi haiwezi kuwa nacho. Nikapendekeza gazeti la siku. Akasema gazeti mtu hulibandika kwa kompyuta, ameona watoto wake wakifanya. Kitu cha ovyo. Kitu cha jikoni. Maharage!

"Mangapi?"

"Matatu. Ukisema mengi atadhani unataka chakula."

Jumapili, 6 Julai

Ibadani. Mahubiri yalikuwa mazuri, naamini. Mbele yangu aliketi mama mwenye mkoba wa jani la Castelmira na nilihesabu mishono ya mkanda wake mpaka sala ya mwisho. Upande wa kulia kumi na moja, upande wa kushoto tisa.

Nisamehewe.

Jumanne, 8 Julai

Wauzaji tisa wameombwa maharage matatu. Majibu yamefika, nayanakili kwa sababu sitaki kuyasahau.

Wanne kimya. Mmoja amenifungia, siwezi tena hata kuona picha zake. Mmoja ameandika: "Mama unanunua mkoba au unapika?" Nikamjibu kwamba navifanya vyote kwa wakati wake. Hakurudi.

Wa saba alituma picha. Maharage yamo! Nilifurahi kama mtoto. Muzdalifa akaikuza picha, akanisogezea simu puani. Mkoba una kivuli upande wa kushoto. Maharage yana kivuli upande wa kulia. "Maharage haya yana jua lao," alisema.

Wamebaki wawili. Josia wa Mwanza, maharage mekundu, vivuli salama, maneno mengi. Yuko tayari kuutuma kwa basi, tuukague kisha ndipo tulipe. Na Jabiri wa Dar es Salaam: maharage ya njano, picha ina giza, maneno machache mno. Pamoja na maharage alituma picha ambayo hatukuiomba: doa la wino ndani ya mfuko mdogo, limekuzwa. Chini ameandika "Hili halitoki." Basi.

Januarius anamtaka Josia. Mwanza ni karibu, na mtu anayeonyesha doa lake, anasema, biashara haijui.

Tumeanza na Josia.

Alhamisi, 10 Julai

Umefika. Umeondoka. Nipange mawazo.

Saa nne tulikuwa dukani kwa Muzdalifa sote wanne. Boksi, utepe, kimfuko cha kitambaa, kadi yenye namba. Ndani, maharage yale yale mekundu matatu—alisahau kuyatoa, au aliyaacha kwa makusudi. Januarius aliuinua akatikisa kichwa kwa heshima. Mzito, alisema. Mali huijua kwa uzito.

Niliuinua na mimi. Mzito kweli. Moyo wangu uliridhika kabla akili haijaulizwa. Hapa kwetu kila kitu kimepita kwenye mizani: pamba, dengu, ng'ombe. Mkono ukilemewa, mtu anatulia.

Mwandu hakuuinua. Aliuacha mezani, akazamisha mkono, akatazama dari.

"Kuna kitu kigumu chini."

Muzdalifa hakutaka ufunguliwe. Alisema si wetu bado, turudishe tu. Mwandu akasema mshono wenyewe umeachia pembeni, haharibu kitu. Akaingiza vidole viwili chini ya bitana na kuvuta polepole. Kilitoka kipande cha bati. Bati la kuezekea, limenyooshwa kwa nyundo, kingo zimefungwa gundi ya karatasi.

Sote tulikitazama.

"Jiwe ndani ya gunia," Mwandu alisema. Karibu ningempigia makofi! Maharage yalithibitisha kwamba mkoba upo. Hayakuthibitisha mkoba ni nini. Ni maswali mawili, nami nilikuwa nimeyafanya moja.

Nilimpigia Josia. Hakugombana. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye aliuziwa hivyo hivyo, hajawahi kuupasua. Nadhani nilimwamini. Umerudi Mwanza kwa basi la mchana, bati likiwa limefungwa pembeni ili alione kwa macho yake.

Nilipogeuka kumwambia Muzdalifa neno la kuchekesha, hakuwapo. Alikuwa nyuma ya majora, anakunja kitenge ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Ijumaa, 11 Julai

Ule wa 2018 ulikuwa mzito.

Nakumbuka vizuri. Niliutoa kwenye boksi, nikaupima mkononi, nikamwambia binti yangu Anna: huu ni mkoba, si mchezo.

Jumatatu, 14 Julai

Nilingoja wateja waondoke. Nikafunga mlango wa duka kwa mkono wangu mwenyewe na kuketi kwenye kigoda. Nimewahoji wasichana maelfu katika maisha yangu. Najua kukaa kimya mpaka mtu aseme.

Muzdalifa alisema.

Mwaka 2019, semina ya wakunga, Mwanza. Yeye alikuwa huko kuchukua vitenge, akampitia dada yake. Mwanne alikuwa na mkoba wangu begani. Walipokuwa wanashuka ngazi, mkanda ukakatika. Kulikuwa na fundi viatu ng'ambo ya barabara, wakaenda yeye na wakunga wengine watano, wanapiga soga. Fundi akasema ili mkanda ushike lazima afungue chini. Akafungua. Akatoa bati—la kijani, lenye tundu la msumari.

Mmoja akapiga kelele: "Jamani, mkunga kabeba paa!"

Barabara nzima ilicheka. Mwanne alicheka kuliko wote, alisema Muzdalifa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kutoka Mwanza mpaka Bariadi hakutamka neno, hata "simamisha."

Nyumbani alimwambia mdogo wake jambo moja tu. "Mwalimu asijue. Alinipa kwa moyo, na mwenyewe kadanganywa."

Nikauliza uko wapi sasa. Hajui. Hajauona tena tangu siku ile, miaka sita.

"Ndiyo maana nilisema wa kweli," alisema. "Nilitaka dada apate mmoja kabla hajaondoka kazini. Usimwambie nimekwambia, Mwalimu. Atanichinja."

Nilifungua mlango. Kulikuwa na wateja wawili wanangoja, wakanisalimia kwa heshima zote. Shikamoo Mwalimu. Marahaba. Marahaba.

"Nautunza kwa siku kubwa." Mara mbili nimeuliza! Tena mbele za watu, kwa sauti ya ukumbini, ili wasikie kwamba nilimpa.

Ijumaa, 18 Julai

Kikao. Januarius amechoka na mambo ya maharage. Madam, ni begi! Tumpe ng'ombe, alisema. Mtamba mmoja mzuri, anafungwa utepe, picha zinapigwa, kila mtu anaona. "Nani amewahi kuuziwa ng'ombe feki?"

Mwandu alimgeukia polepole. "Umewahi kufika mnada wa Mwandoya asubuhi?"

"Nimefika."

"Umewaona wanavyolambishwa chumvi? Mnyama anakunywa maji ndoo na ndoo, anapanda mizani kama tembo. Jioni amekojoa, umebaki na kamba."

Tulicheka wote, hata Januarius. Lakini nilipozungumza nilizungumza kwa namna iliyowanyamazisha, sikukusudia. Nilisema lazima uwe mkoba na lazima uwe wa kweli, na kama haupatikani nitasimama Jumamosi ile mikono mitupu niseme haukupatikana. Januarius akaniuliza kulikoni. Muzdalifa akatazama sakafu.

Basi ni Jabiri, yule wa doa la wino.

Nimezungumza naye kwa simu mara tatu wiki hii. Mtu wa ajabu! Hasifu. Nikiuliza kama ngozi ni nzuri anasema njoo uishike. Mkoba ulikuwa wa mke wa balozi mmoja aliyehama, risiti ipo, jina la mwenyewe lipo, mwaka upo. Nikamwomba mtu wangu auone kabla hajautuma. Akasema hata kumi waje, mradi wavue viatu.

Nimemtuma Bujiku, mwanafunzi wa Anna enzi za ufundishaji wake, sasa yuko bandarini. Ameripoti leo: mishono ameihesabu, kulia na kushoto sawa. Risiti ameishika. Namba ya kwenye risiti na ya ndani zinalingana. Mkono ameuingiza kama nilivyomwagiza, mpaka kwapani, Jabiri akimtazama kama kichaa. Chini hakuna kitu.

"Ila mama," alisema, "mimi nakagua makontena. Sikuahidi kitu."

Jibu la mkaguzi wa kweli, hilo.

Jumatano, 23 Julai

Umefika salama.

Jambo la kwanza: mwepesi! Januarius aliunyanyua, akaurudisha mezani, akaunyanyua tena kama mtu aliyesahau kitu. "Mwepesi hivi?" Nilimwona amevunjika moyo. Nami, naungama hapa tu, nilivunjika naye kwa muda. Mkono una tabia zake. Haujui umefundishwa vibaya.

Mwandu alizamisha mkono. Alikaa muda mrefu. Tulimtazama kama wanavyomtazama wakulima kwenye foleni.

"Chini ni kama juu," alisema.

Tulikagua kila kitu tulichojifunza. Zipu haikwami. Jani la nembo limegongwa ndani ya ngozi, si kubandikwa. Doa la wino lipo mahali pake, jeusi, aminifu. Tulipaka mate, tukapaka sabuni. Halitoki. Na pembeni kabisa, maharage matatu ya njano.

Je, ni wa kweli? Nimejiuliza kama ninavyowauliza wanafunzi: unajuaje kwamba unajua? Picha si ya wizi. Mkoba upo. Risiti ipo. Mshono sawa. Hakuna bati. Hayo yote ni sababu za kuamini. Hakuna hata moja iliyo macho ya fundi aliyeushona. Ningeweza kuapa? Hapana. Ningeweza kusimama mbele ya watu mia tatu na kusema tumefika mpaka chini ya gunia? Ndiyo. Hilo naweza.

Maharage nimeyaacha mle mle.

Ijumaa, 25 Julai

Hotuba. Rasimu ya nne.

Sijawahi kuhangaika hivi na ukurasa mmoja. Sehemu ya wodi imekaa sawa. Ya Doto imekaa sawa, nimeisoma kwa sauti jikoni na Anna alilazimika kutoka nje. Ni mstari wa zawadi.

Nikiandika "mkoba wa kweli," ukumbi utapiga makofi, na mtu mmoja ndani ya ukumbi atasikia neno lile na kujua kwamba ninajua. Atajua Muzdalifa amesema. Siri aliyonitunzia miaka sita nitakuwa nimeitoa mimi kwa kipaza sauti, kwa lugha nzuri.

Nikiandika "mkoba" tu, nimefunika. Atacheka, atashukuru, ataendelea kunilinda mpaka tuzikwe. Nami nitakuwa nimekubali kulindwa.

Nikiungama hadharani, siku ni yake, si yangu. Kuna watu huomba radhi kwa sauti kubwa ili wapigiwe makofi. Nimewaona. Sitaki kuwa mmoja wao.

Muzdalifa amepita saa kumi. Anaomba nisiseme kitu, kabisa kabisa, wallahi. Nimempa chai. Nikamuuliza, je, dada yake angependa nini? Akazungusha kikombe.

"Dada hapendi mtu aaibike mbele yake. Hata yule mzee wa bati la kijani, fundi, alimpa ya soda."

Mstari nimeuacha kama ulivyo: "mkoba wa kweli." Kesho nitaukata, au nitausoma.

Jumamosi, 26 Julai

Ukumbini. Naandika kwenye meza kuu. Watu wanadhani napitia hotuba. Daftari hili na karatasi za hotuba viko pamoja, havina tofauti kwa anayetazama kutoka mbali.

Ukumbi umejaa mpaka madirishani. Kuna safu nzima ya vijana waliokuja kwa sababu aliwapokea. Wamevaa fulana nyeupe zenye mwaka wa kuzaliwa kifuani. Doto ana 2018. Ananipungia mkono. Wabeja sana, Mwanne, wameandika shukrani hiyo ya Kisukuma kwenye kitambaa cha ukutani, herufi zimepanda mlima upande wa kulia.

Zawadi iko chini ya meza, ndani ya boksi, karibu na mguu wangu. Kila dakika naigusa kwa kisigino kuhakikisha ipo.

Saa nane na robo. Ngoma. Vigelegele. Anaingia.

Gauni la buluu, ushungi mweupe. Anatembea polepole, anashikwa mikono huku na huku. Begani—

Ule.

Naujua kwa rangi, naujua kwa jani. Umepakwa mafuta mpaka unang'aa. Mkanda umeshonwa chini kwa uzi mweusi mnene, mishono mikubwa ya mtu aliyezoea soli za viatu. Hajauficha upande wa ukutani. Ameuvaa upande wa watu.

Muzdalifa ameshika mdomo. Hakujua, naapa hakujua.

Mwanne amefika meza kuu. Wamemvutia kiti kando yangu. Ametoa mkoba begani, ameuweka mezani mbele yetu sote wawili.

Kong'.

Sauti ndogo. Mwandu, kiti cha tatu, ameinua kichwa mara moja. Bati limo. Kumbe alimwambia fundi alirudishe.

Ameniegemea. Ananukia udi. "Nilikwambia siku kubwa, Mwalimu," amesema, na kicheko kimo machoni, lakini chini ya kicheko kuna kitu kingine, ananitazama usoni kama anavyomtazama mama kabla ya kumwambia asukume. Anasubiri aone kama ninajua.

Sikujibu. Mimi! Nimempa mkono tu. Ameushika na hajauachia, naandika kwa shida.

Januarius yuko kwenye kipaza sauti. Amesema jina langu, na cheo changu, na miaka yangu. Chini ya meza kuna mkoba mwepesi wenye maharage matatu. Juu ya meza kuna mzito. Ukurasa uko wazi, mstari wa zawadi. Nimekata "wa kweli." Nimeandika juu yake neno lingine, nimelikata na hilo.

Mwanne ameachia mkono wangu. Ananisukuma kidogo mgongoni—simama.

Wanapiga makofi. Nimesimama, kalamu bado ninayo, na pale nilipokata pangali papo wazi—